Kibao cha Bula Shifta

Ahmednoor alikuwa kwenye mguu wa pili wa H, pumzi ameizuia na brashi bapa ikishuka polepole juu ya bati jeupe, mama yake alipotoka chumbani akaja kusimama nyuma yake. Hakugeuka. Mstari ukishaanzwa haukatizwi. Ukiukatiza, hata kwa muda wa kupepesa macho, kiungo kitaonekana jua likipiga ubavuni. Aliufikisha chini, akainua mkono, ndipo akapumua.

Kazi ya kuandika vibao hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kutazama ubavu wa malori yaliyokuwa yakisubiri ng'ombe sokoni Garissa, enzi zile akichunga mbuzi wa watu, na miaka ilivyokwenda akajitungia utaratibu wake. Kwanza uzi uliopakwa chaki: unavutwa, unaachiliwa, unaacha alama. Kisha mistari yote iliyonyooka, kwa brashi bapa, kutoka kushoto hadi kulia. Mikunjo huja mwisho kabisa, kwa brashi nyembamba aliyoifunga mwenyewe kwa manyoya ya sikio la ng'ombe. Kwa hiyo kibao chake kikiwa katikati ya kazi huwa hakisomeki. Ni vijiti tu vimesimama, kama boma ambalo miiba yake haijafungwa. Watu walimcheka kwa hilo. Yeye alisema mkono unaobadilisha brashi kila herufi hauzoei kitu.

"Hooyo," mama yake alisema kwa Kisomali, akimwita mwana kwa neno lilelile ambalo mwana humwitia mama, kama walivyo akina mama wa huko. "Hapo pameandikwaje?"

"Juu, Kisima cha. Mstari wa chini bado haujaisha."

"Na chini patakuwa nini?"

"Jina la kijiji, hooyo. Bula Shifta."

Maka, mama yake, alisogea karibu. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye magoti yalikuwa yamemkunja, na alikitazama kibao kama mtu anayetazama mnyama mgeni zizini mwake. Kisha akarudi ndani. Ahmednoor alichovya brashi tena, akaanza I, na kabla hajaifikisha chini akasikia kamba ikifunguliwa.

Hakuamini masikio yake. Mzigo ule mama yake alikuwa ameufunga tangu mwanzo wa wiki: mikeka, birika, blanketi, kibuyu cha maziwa ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Tangu alipoletwa mjini kwa ajili ya magoti, hakuwa na wimbo mwingine ila kurudi kwao, kijijini mbele ya Kotile, alikozikwa mama yake. Kilichomzuia kilikuwa maji. Huwezi kumrudisha mzee mahali ambapo dumu moja linafuatwa nusu siku. Sasa mashine ilikuwa imechimba na maji matamu yametoka; kesho alasiri lori lingepeleka mabomba na kibao, na Maka angeketi mbele karibu na dereva. Alikwisha kuwaaga majirani wote, wengine mara mbili.

Ahmednoor aliiacha I ilivyo, akaingia ndani. Mama alikuwa amekaa chini, kamba mapajani.

"Irudishe mikeka mahali pake," alisema. "Siendi."

"Hooyo, umekuwa ukisubiri safari hii..."

"Nasubiri kifo pia, na sikikimbilii. Siendi. Sitakunywa maji chini ya neno hilo."

"Lakini kila mtu anakiita kijiji hivyo. Tangu sijazaliwa."

"Wanaita. Ni upepo, unapita. Wewe unataka kuufunga kwa rangi usipite tena." Alikunja kamba, akaikunjua. "Umewahi kunisikia mimi nikilitamka?"

Ahmednoor alifikiri. Yeye hakuwa mtu wa kujibu haraka. Alirudi nyuma miaka yote, akamsikia mama yake akisema *kule kwetu*, akisema *bula*, yaani kijiji, akisema *upande wa Kotile*. Jina lenyewe hakulisikia hata mara moja. Ilikuwa kama kugundua kwamba mlango wa nyumba yako haujawahi kuwa na ufunguo.

"Neno lina nini, hooyo?"

"Usiniulize. Liliisha."

Aliposema hivyo, Ahmednoor aliacha kuuliza, maana alijua *liliisha* ni kufuli ya namna gani. Kwao, jambo likifikishwa kwa wazee, likaamuliwa, wanyama wakatolewa na dua ikasomwa, limekwisha. Aliyedhulumiwa akilifufua, hata kwa kumnong'oneza mwanawe, yeye ndiye anageuka mkosaji, na ndugu zake hulipa upya. Watu wameishi na kufa jirani kwa jirani juu ya mambo yaliyokwisha, wakikopeshana chumvi. Mama yake alikuwa amefungwa na kufuli hiyo, na aliifunga kwa heshima. Hata sasa, machozi yakiwa karibu, hakutaka kuchungulia.

Nje, tuktuk ilipiga honi.

Aliyeshuka ni Korane, mwenyekiti wa kamati ya kisima, mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye kanzu safi na sauti ya mtu aliyezoea kuuza penye kelele. Yeye na Ahmednoor walicheza pamoja utotoni hukohuko kijijini, wakang'oana meno hukohuko.

"Walaal, ndugu yangu, nilikuagiza jina, wewe umenichorea zizi," alisema, akikizunguka kibao. "Hizi ni herufi au ni kuni?"

"Mikunjo bado."

"Mikunjo bado. Siku ya kiyama watu watasimama kwenye mizani, wewe utasema mikunjo bado."

Ahmednoor alitabasamu kidogo. Akafuta brashi kwa kitambaa, ingawa haikuhitaji kufutwa. "Korane. Tukiandika Kisima cha Maji tu, itakuwaje? Tuliache jina."

Korane aliacha kucheka. "Nani amekuambia? Ni wale wa ofisini? Walituma mtu, akasema jina halipendezi kwa wageni. Nikamwambia wageni watapita na maji watakunywa."

"Si wao. Nauliza tu."

"Basi kaa nikuambie, kwa sababu hata vijana wetu hawajui." Korane alivuta debe la rangi akakalia, lakini hakukaa vizuri, alikuwa mtu wa kuzungumza kwa mikono yote miwili. "Neno hilo si la Mzungu, wala si la serikali hii. Ni la Wahabeshi. Kule kwao, mtu akidhulumiwa na mkubwa wake, akakataa kuinama, akachukua bunduki akapanda mlimani, huyo ni shifta. Aliyekataa. Mwizi? Wengine walikuwa wezi, ndiyo, mlima haulishi mtu. Lakini wapo walioshuka huko huko mlimani wakawa wafalme. Sasa bendera ilipobadilishwa hapa, na watu wetu wakasema hawakuulizwa, serikali ingesemaje? Ikisema kuna vita, itaulizwa vita vya nini. Ikaliokota neno la jirani, ikatutupia. Kwamba hakuna vita, kuna shifta tu. Mtu wa shifta, mbuzi wa shifta, kijiji cha shifta. Hata mtoto mchanga ni shifta."

"Ndivyo nilivyosikia."

"Basi mimi nasema, jiwe ulilopigwa nalo ni lako. Jenga nalo. Wametutukana kwa neno hilo zaidi ya miaka hamsini. Acha sasa lioshwe kwa maji matamu. Baba zetu walikataa, walaal. Kwa nini tuwaonee haya?"

Yalikuwa maneno mazuri, na Ahmednoor hakuona uongo ndani yake. Hilo ndilo lililomsumbua. Mama yake hakuwa na maneno mazuri; alikuwa na kamba mapajani tu.

"Na mzee Siyad anasemaje?" aliuliza. Siyad alikuwa baba yake Korane, mkongwe kuliko wote waliobaki kijijini.

"Aabo? Aabo siku hizi ni tasbihi tu. Nilipomwambia kamati imelipitisha jina, aliomba maji atawadhe. Akatawadha, akakaa hapo, na wakati wa sala ulikuwa bado kabisa." Korane aliinuka akajipangusa kanzu. "Uzee. Kesho adhuhuri nakuja kukichukua. Kiwe kimekauka."

Tuktuk ikaondoka na vumbi lake. Ahmednoor alisimama mbele ya kibao. Alishika brashi bapa, akaiweka, akaishika tena. Aliimaliza I. Akafanya F, akafanya T, na mkono ulikuwa imara kama kawaida, lakini alipofika kwenye A mguu wa kushoto ulimponyoka unene wa ukucha. Alifuta kwa mafuta ya taa, akaurudia, akaimaliza A. Kwa miaka mingi hakuwa amefuta mguu wa A. Akatumbukiza brashi ndani ya kopo, akachukua kofia, akatoka bila kusema anakwenda wapi, kwa kuwa hakujua.

Jua lilikuwa limesimama juu ya mji kama mtu aliyekataa kuondoka mlangoni. Alipita nyuma ya soko la mifugo, mahali Fatumo alipouza chai chini ya turubai, akaketi, kisha akasimama, kisha akaketi upande mwingine.

"Umekalia mchwa?" Fatumo aliuliza, akimimina chai kutoka juu bila kumwaga tone. "Kaa, kunywa. Polepole, mdomo si bati."

Mbele yao beberu mweusi alikuwa amekata kamba na kuruka uzio, na wanaume watatu walikuwa wakimzunguka kwa matusi.

"Huyo ni shifta kabisa," alisema Fatumo. "Asubuhi kaninywea maji ya vikombe."

Ahmednoor aliweka kikombe chini. "Fatumo, neno hilo halikuudhi?"

"Lipi?"

"Hilo ulilompa mbuzi."

Fatumo alicheka, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki. "Kaka yangu alisoma bweni huko bara. Alikuwa akipewa mpira hivi, anaitwa shifta. Akifunga goli, shifta. Akishindwa hesabu, shifta. Akarudi nyumbani likizo ya kwanza akasema harudi tena. Aabo akampiga, akarudi. Leo ni daktari wa mifugo, na akimwona mbuzi kama huyu anasema hivyohivyo." Alipangusa meza. "Siku hizi wana neno jingine la kutuitia, jipya, baya kuliko hilo. Hili limezeeka. Limetoka kazini, limekuwa la mbuzi."

"Na kama lingeandikwa mlangoni kwako?"

"Mlangoni kwangu?" Alifikiri kwa dhati, birika hewani. "Ingetegemea nani ameliandika. Na kwa nini hakuandika mlangoni kwake."

Ahmednoor alinywa chai yote kwa mkupuo mmoja, ikamchoma, akaondoka.

Alijikuta anateremka kuelekea mtoni. Huko, kwenye mashamba ya ukingo wa Tana, alikuwapo mzee mmoja wa Kipokomo, Jilo, aliyelima ndizi na mapapai. Kila Ramadhani ilipokaribia, Jilo alikuwa akimletea Maka mkungu wa ndizi, akiuweka mlangoni na kuondoka kabla hajakaribishwa. Ahmednoor aliuona mkungu ule kuwa sehemu ya Ramadhani, kama mwezi, wala hakuwahi kuuliza. Leo ndipo alipokumbuka kwamba Jilo pia alitoka kule chini, ng'ambo ya mto kutoka kijijini kwao. Na Jilo hakuwa wa ukoo wao wala wa ukoo wa Siyad, mzee yule aliyetawadha kabla ya wakati wa sala. Kufuli za wazee wa Kisomali hazikumfunga.

Alimkuta amechutama, anafungua maji ya mfereji kwa jembe, shina moja baada ya jingine.

"Shikamoo, mzee Jilo."

"Marahaba, mwanangu. Mama magoti yanasemaje?"

"Mama alikuwa asafiri kesho kurudi kwao. Sasa hataki." Ahmednoor alichutama upande wa pili wa mfereji. Akamweleza juu ya kisima, kibao, na neno. Alieleza kwa mpangilio, bila kuongeza. "Sikuja kukuuliza yaliyoisha ya watu wetu. Nimekuja kuuliza kama wewe, kwa macho yako, uliona chochote."

Jilo aliziba tundu moja kwa tope, akafungua jingine. Maji yaligeuka, yakaanza kulamba shina jipya.

"Mimi nilikuwa na mtumbwi wa mahindi," alisema. "Watu wenu walikuwa wamekusanywa mahali pamoja, na askari kuzunguka, kila asubuhi wanahesabiwa. Nilikuwa kijana, nauza mahindi hapo. Siku moja afisa alikuwa akipita nyumba hadi nyumba, na kila nyumba swali moja: mwenyewe yuko wapi? Watu wa pale hawakujua Kiswahili. Alikuwapo kijana mmoja tu aliyewahi kufanya kazi dukani huku Garissa. Akafanywa mdomo wa wote."

"Siyad."

"Jina sikulitaja mimi." Jilo hakumwangalia. "Wakafika nyumba ya bibi yako. Babu yako alikuwa ametoka kufuata ngamia waliopotea, kila mtu alijua. Bibi yako akaeleza kwa Kisomali, maneno mengi, mkono unaonyesha kule, mtoto wa kike ameshika nguo yake. Mtoto huyo ni mama yako. Yule kijana akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia afisa, akasema neno moja."

Maji yalikuwa yanapita katikati ya miguu yao. Ahmednoor alilisikia neno lile bila kuambiwa.

"Huenda Kiswahili chake kilikuwa kifupi," Ahmednoor alisema. "Mtu akiwa na hofu, maneno humkimbia."

"Huenda. Nami nimefikiri hivyo mara nyingi, kwa kuwa yeye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitetemeka hata karatasi za afisa alizoshikishwa zilikuwa zinalia. Lakini nyumba iliyofuata ilikuwa ya baba yake mwenyewe. Na baba yake pia hakuwepo." Jilo alisimama, akajinyoosha mgongo. "Afisa alipopata alichokitafuta, hakuendelea. Nyumba ya bibi yako ikachomwa. Babu yako alikutwa njiani anarudi na ngamia wake, akapelekwa. Huo ukawa mwisho wa kumwona. Tangu hapo askari wakaiita kambi ile kambi ya shifta. Kambi ikawa kijiji, jina likabaki."

"Na mama yangu..."

"Mama yako alikuwa anaelewa neno hilo moja tu la Kiswahili. Ndilo alilolijua la kwanza."

Ahmednoor alitazama viganja vyake. Vilikuwa na rangi nyeusi kwenye mikunjo.

"Usidhani nawaonea huruma shifta," Jilo aliendelea, kwa sauti ileile ya kufungulia maji. "Walikuwapo wa kweli. Kaka yangu aliuawa nao, walikuja kutaka mahindi. Sisi tulilala mtoni, mamba upande huu, wao upande ule. Kwa hiyo mimi neno silichukii. Kila neno lina mtu wake. Babu yako halikuwa lake, basi. Nami nilikuwa najua Kiswahili kuliko wote pale, nikakaa kwenye mtumbwi nikanyamaza." Aliinama tena. "Chukua papai hilo, limeiva."

Alirudi na papai mkononi, njia nzima akilihamisha kutoka mkono huu hadi ule. Hasira ilimjia, ikaondoka, ikaja nyingine. Alimwona Siyad kama alivyomjua, mzee aliyewagawia watoto tende, aliyemfundisha yeye kufunga mzigo juu ya ngamia. Akamwona kijana anayetetemeka. Alijaribu kumweka mmoja juu ya mwingine, kama anavyoweka karatasi ya kuchorea juu ya bati, na hawakulingana. Hakujua yeye mwenyewe, nyumba inayofuata ikiwa ya baba yake, angesema neno gani.

Lakini kibao kilikuwa kinasubiri. Akimwambia Korane, atakuwa amemfufulia mama yake jambo lililoisha, na mama ataitwa mvunja ahadi akiwa na magoti yale. Akinyamaza na kuandika, mama atazikwa Garissa, mbali na mama yake. Akinyamaza na kukataa kuandika, fundi mwingine yupo barabara ya pili, tena wa bei nafuu. Alizunguka kibao mara nyingi, kama Korane alivyokizunguka, na adhana ya alasiri ikamkuta anazunguka.

Ilikuwa kwenye sijda ya mwisho ndipo alipokumbuka upande mwingine wa desturi, upande ambao hautumiki sana na kwa hiyo watu huusahau. Aliyedhulumiwa hafufui. Lakini aliyedhulumu hakukatazwa kuja. Akija kwa miguu yake mwenyewe, bila kuitwa, mlango uko wazi. Alikunja msala, akampigia Korane simu, akamwambia apite.

"Nini tena?" Korane alisema hata kabla tuktuk haijasimama. "Usiniambie mikunjo."

"Nitaandika jina kama lilivyoagizwa. Sina shaka na yote uliyosema. Ila kwanza nataka mzee Siyad aulizwe. Si kuambiwa kamati imepitisha. Aulizwe kama yeye anataka neno hilo liwe juu ya kisima. Muulize ukiwa peke yako naye."

"Baba yangu ana nini na kibao chako?"

"Sijui chochote. Mimi ni fundi."

"Huyo fundi asiyejua chochote mbona hanitazami?"

Ahmednoor alimtazama. Korane alianza kusema kitu cha kejeli, na kejeli ikamfia mdomoni. Walikuwa wamejuana muda mrefu mno. Alitoa simu, akaenda kusimama kando ya ukuta wa jirani, mbali. Ahmednoor aliona mgongo wake tu. Aliona mkono unaoongea ukiongea, kisha ukipungua, kisha ukining'inia. Korongo mkubwa alitua juu ya paa, akatikisa bati, akaruka tena. Simu ilichukua muda.

Korane aliporudi, alikalia lile debe la rangi, na safari hii alikaa kweli.

"Ameuliza kibao kimefika wapi," alisema. "Nikamwambia mistari tayari, mikunjo bado." Alijikausha uso kwa ncha ya kofia. "Halafu akasema, 'Mwambie mtoto wa Maka aweke brashi chini. Nakuja.'"

"Hapa?"

"Hapa. Mzee ambaye harusi ya mwanangu ilimshinda kwa sababu ya barabara. Nikamwambia, aabo, barabara ni mbaya. Akasema barabara haikuwa mbaya kwake, yeye ndiye alikuwa mbaya kwa barabara. Sijui hata maana yake ni nini. Anasema atapanda gari la alfajiri." Alimtazama Ahmednoor kwa macho ya mtoto aliyeamshwa. "Nilimuuliza kuna nini. Akasema nitasikia, lakini si mimi wa kwanza kusikia. Ahmednoor, kuna nini?"

"Mngoje baba yako."

"Nimekuwa nikisema baba zetu walikataa. Mbele ya watu. Mikutano yote ile."

"Wapo waliokataa," Ahmednoor alisema. "Hilo si uongo."

Korane alikaa zaidi, mikono katikati ya magoti. Kisha akaondoka kwa miguu, tuktuk ikimfuata polepole nyuma, dereva akiuliza kama bado anamhitaji.

Maka alikuwa palepale, ndani. Mzigo ulikuwa nusu umefunguka, kibuyu juu yake. Ahmednoor alikata papai, akamwekea kwenye sahani, akaketi chini hatua moja mbali naye.

"Hili ni la Jilo," mama alisema bila kuonja.

"Ni la Jilo."

Alimwangalia mwanawe kwa muda. Kama alielewa alikotoka na alichokisikia huko, hakusema, kwa kuwa hakupaswa kusema. Akachukua kipande.

"Hooyo, kesho tuna mgeni. Mzee Siyad."

Kipande kilisimama njiani. "Nani amemwita?"

"Hakuna aliyemwita. Aliulizwa juu ya kibao tu. Amesema mwenyewe, anakuja."

"Mwenyewe."

"Mwenyewe, hooyo. Kwa gari la alfajiri."

Maka alirudisha papai kwenye sahani. Akavuta kamba, akaanza kufunga mzigo. Akafika nusu, akaacha. Akaifungua. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi na haikuipata. Akasimama kwa kujishika ukutani, akasogeza kiti cha pekee chenye mgongo hadi karibu na mlango, akakitazama, akakirudisha, akakileta tena.

"Anatembea bado?"

"Kwa fimbo."

"Kizingiti hiki ni kirefu. Utaweka tofali." Kisha: "Usije ukampa mkono kumvusha. Tofali tu. Avuke mwenyewe."

Alitoka nje, Ahmednoor nyuma yake, akasimama mbele ya kibao kama asubuhi. Jua lilikuwa limeshuka ubavuni na kila mstari ulionekana wazi, umenyooka bila kiungo. Alinyoosha kidole, bila kugusa, akapita juu ya vijiti vile kimoja kimoja.

"Hakisomeki," alisema.

"Mikunjo bado."

"Na lori?"

"Ni la alasiri. Rangi inawahi kukauka kwa jua hili." Hakuongeza ni rangi ya neno gani, na mama hakuuliza.

Ahmednoor aliziosha brashi kwa mafuta ya taa, ile bapa kwanza, halafu ile nyembamba ambayo siku nzima haikuguswa, akazivuta manyoya kwa vidole hadi zikawa na ncha. Akafunika kopo la rangi nyeusi. Akatandika gunia safi juu ya kibao, akaliwekea mawe kwenye pembe, upepo usije ukalipeperusha. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kutafuta tofali.